Koko Yangu, Uchumba wa Mwingine

"Samahani dada, yule bibi kizee anayeuza koko anakaa humu?"

Nilifungua mlango nikiwa na kitambaa cha kuchujia begani, mikono imelowa uwele mpaka kwenye viwiko. Mbele yangu alisimama binti mrefu, abaya yake ya bei mbaya, manukato yake yamejaa ngazi nzima. Kwa uso tu nilijua ni wa kwetu, wa Ghana.

"Bibi kizee gani?" nikamuuliza.

"Wa koko. Dukani kwa Mama Efua wameniambia jengo hili hili, ghorofa ya pili."

"Mama Efua ndiye kakwambia bibi kizee?"

"Hapana, hayo kaniambia mchumba wangu. Mama Efua kasema tu kwamba hapa Deira yote, koko ya ukweli, uji wa uwele kama wa nyumbani, inapikwa mlango huu."

"Basi umefika. Napika mimi."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye kandambili. "Wewe? Mbona msichana?"

"Kwani koko inapikwa kwa mvi?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, sitamnyima haki yake. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa chupa ya chai.

"Huwa ananunua kwenye chupa hii. Nimeona nije mwenyewe, maana nina shida kubwa."

Jamani! Chupa ya bluu, mpini umefungwa uzi mwekundu. Uzi ule niliufunga mimi kwa meno yangu, kwa sababu humu ndani tunakaa wanawake sita na kila mmoja ana chupa ya bluu. Niliijua chupa kabla sijajua balaa lililokuja nayo.

"Hiyo umeipata wapi?"

"Si nimekwambia, kwa mchumba wangu."

"Anaitwa nani huyo mchumba wako?"

"Sulemana. Sulemana wa ofisi ya kago. Unamjua?"

Nikashika mlango. Ndani, rafiki yangu Akosua, ambaye alikuwa ametoka zamu ya hoteli na kujilaza kitandani, akainuka akakaa.

"Muingize ndani, Adiza," akasema. "Muingize, halafu funga mlango."

Nikamuingiza.

Ngoja niwaeleze Sulemana ni nani kwangu. Ni mwanaume aliyeniita mke wake kwa miaka mitatu, hapa Dubai, mbele ya watu. Wote wawili ni wa Zongo, mtaa wa Waislamu kule Kumasi. Mimi nasuka nywele saluni hapa Naif, yeye anafunga mizigo ya watu wanaopeleka vitu Ghana. Wiki tatu na siku kadhaa kabla ya asubuhi ile, mama yake, Hajia Memunatu, alitua hapa akitokea umra. Tumbo lake likagoma. Wali alitapika, mkate alitapika, hata supu ya kuku ya hospitali aliitapika.

Sulemana akaja kwangu macho mekundu.

"Adi, mama anataka koko tu. Anasema akipata koko ya kwetu atapona. Nifanyeje?"

"Unauliza? Niachie mimi."

Nilifurahi, nisiwafiche. Mwanamke gani hatafurahi kumpikia mama wa mwanaume wake? Nikasema nitampelekea mwenyewe, nipige magoti, anione.

"Hapana," Sulemana akasema. "Unataka aseme huna haya? Goro bado hazijagawiwa."

Hapo alinipata. Kwetu, msichana ambaye wazee hawajagawana goro zake, zile kokwa chungu za kutafuna, hajipeleki kwa mama wa mwanaume. Ukijipeleka utaitwa asiye na haya, na jina hilo halifutiki. Nami ni mtoto wa Zongo, nimelelewa. Nikasema sawa, iende chupa, mimi nibaki.

Na koko si uji wa kukoroga ukaondoka. Nilikuwa nanunua uwele kwa Mhindi nyuma ya soko, naupepeta, naulowesha siku nzima. Nausaga kwa blenda pamoja na tangawizi, karafuu, pilipili manga na pilipili yenyewe, kidogo kidogo, maana blenda ikichemka inazima. Nauchuja kwa kitambaa, nauacha utuame mpaka uchachuke. Karafuu nanunua soko la viungo, ambako kila muuzaji anaapa kwamba zake zimetoka Zanzibar. Wenzangu wa chumbani walilalamikia harufu, ndoo ikahamia chini ya kitanda changu. Siku kumi na tisa nimelala juu ya uwele unaochachuka, na kila asubuhi saa moja Sulemana anakuja kuchukua chupa.

"Mama anasemaje?" nilikuwa namuuliza.

"Anakuombea dua. Anasema mkono huu usikauke."

Dua zangu hizo. Nilikuwa naenda nazo kazini, nasuka watu huku natabasamu peke yangu.

Sasa binti wa abaya alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda changu, juu ya ndoo yenyewe, akinieleza.

"Naitwa Nafisatu. Nafi. Ofisi ile ya kago ni ya mama yangu, Hajia Barikisu. Ijumaa saa tatu asubuhi wazee wanakuja kwa Sulemana kugawana goro."

"Goro za nani?"

"Zangu."

Akosua akapiga kofi paja lake. "Mungu wangu!"

"Mama yake Sulemana ananipenda mno," Nafi akaendelea, hajui anakanyaga wapi. "Ananipenda kwa sababu ya koko. Sulemana kamwambia napika mimi. Kaniambia ni uongo mdogo tu wa kumfurahisha mama, ananunua kwa bibi kizee mmoja, kila bibi harusi hufanya hivyo. Tatizo, Hajia kasema Ijumaa nimpikie mbele yake, goro zisigawiwe kabla hajainywa ikitoka motoni. Na mimi hata uwele sijawahi kuushika, nimekulia hapa. Kwa hiyo dada yangu, nifundishe. Siku mbili zinatosha?"

Nikaitazama chupa yenye uzi wangu. Akosua akaniokoa.

"Dada Nafi, unaviona hivyo viatu chini ya meza?"

"Naviona."

"Namba arobaini na nne. Humu ndani nani anavaa arobaini na nne?"

Nafi akaviangalia vile viatu. Akaangalia ukutani, kwenye picha yangu na Sulemana tuliyopiga Sikukuu ya mwaka juzi, tumevaa nguo za kitambaa kimoja. Uso wake ukabadilika polepole.

"Huyu... huyu ni..."

"Usilie kwanza," nikamwambia. Hasira zilikuwa zimenipanda zote. "Sikiliza kwanza."

Nikachukua simu. Nikampigia, nikaweka sauti ya nje.

"Halo mke wangu!" Sulemana akapokea, mchangamfu. "Mama kamaliza chupa yote leo. Yote! Kasema Mungu akupe watoto kumi."

"Kasema anipe mimi?"

"Wewe, nani mwingine?"

"Sule, Nafi ni nani?"

Akajikohoza. Nikasikia wanagonga misumari kwenye makasha.

"Nafi yupi? Aah, Nafi! Mtoto wa bosi. Katoto tu kale, kamedekezwa, hata chai hakajui kuchemsha. Kwa nini?"

Katoto kenyewe kalikuwa kamekaa mbele yangu, kameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Na Ijumaa saa tatu kuna nini kwako?"

"Ijumaa? Hakuna kitu. Swala tu. Adi, nani kakutia maneno? Wanawake wa humo ndani wana wivu, hasa huyo Akosua."

"Nakusikia, mbwa wewe!" Akosua akapiga kelele.

Simu ikakatika.

Nafi akasimama. Nilidhani atanitukana, au atanikumbatia, sijui. Hakufanya lolote. Alichukua mkoba wake, akaiacha chupa kitandani.

"Alisema bibi kizee," akasema, kama anajiambia mwenyewe, akatoka.

Kesho yake, Alhamisi, nilikuwa na kichwa cha mteja mikononi, nusu kimesukwa nusu bado, nikamuona Sulemana kwenye kioo. Amesimama mlangoni mwa saluni na mfuko wa tende, kichwa kakiinamisha. Nikatoka naye nje kwenye joto.

"Adi, nisikilize dakika moja."

"Ongea. Mteja wangu ananisubiri."

"Hili jambo si unavyolifikiria. Hajia Barikisu ananipa usimamizi wa ofisi nzima. Unajua maana yake? Kibali cha ukaazi, nyumba, kila kitu. Ni mlango tu huo. Nikishaingia..."

"Ukishaingia?"

"Nakuoa wewe. Dini inaruhusu. Unakuwa wa pili."

"Wa pili."

"Kwa hesabu tu! Moyoni wewe ndiye wa kwanza. Tena mtapatana, Nafi ana roho nzuri. Yeye kupika hajui, wewe unajua. Utakuwa unatupikia."

Wallahi sikuamini masikio yangu. Aliyasema hayo kwa uso mkunjufu kabisa, akitegemea nishukuru.

"Rudia."

"Nini?"

"Hilo la mwisho."

"Nasema wewe mkono wako..."

"Miaka mitatu, Sulemana! Miaka mitatu umekula kwangu, umefuliwa kwangu, umelia kwangu baba yako alipokufa! Leo nimekuwa mpishi wa harusi yako? Mama yako anamuombea watoto mtu mwingine kwa uji wangu, na wewe umesimama katikati unapeleka dua upande huu na sifa upande ule? Huoni hata aibu?"

"Punguza sauti, watu wanaangalia."

"Waangalie! Na tende zako chukua."

Nikarudi ndani. Mteja akaniambia, "Dada, umenivuta sana," nikagundua nimesuka mistari mitatu bila kujua.

Jioni ile meseji zikaingia mbili. Ya kwanza ya Nafi, namba kaipata kwa Mama Efua.

"Nimemwambia mama. Amekataa kuahirisha. Anasema watu wameshaalikwa na wanaume wote ndivyo walivyo."

Nikamuandikia: "Na wewe umesemaje?"

Akasoma. Hakujibu.

Ya pili ilikuwa ya mwenyewe bwana harusi. Nawasomea kama ilivyo, maana bado ninayo:

"Adi najua una hasira lakini mama hana kosa. Kesho usiipike, niletee mbichi kwenye ndoo saa mbili na nusu, Nafi ataimalizia mbele yake. Usisahau pilipili, anapenda iwe kali."

Nikampa Akosua simu asome. Akasoma mara mbili.

"Huyu mtu ana ugonjwa," akasema. "Mimi Mkristo, lakini leo nitaapa kwa maapizo yenu. Adiza, imwage. Vuta hiyo ndoo hapo, imwage chooni, tulale."

"Na Hajia atakunywa nini?"

"Atakunywa uongo wa mwanawe!"

"Akosua, yule mama ametapika kila kitu isipokuwa hii. Simuadhibu kwa uongo wa mtu mwingine."

"Kwa hiyo unampelekea Sulemana ndoo? Adiza! Unampelekea?"

"Simpelekei yeye. Napeleka mwenyewe. Haya yangu imeisha leo."

Ijumaa saa tatu kasoro nilikuwa mlangoni kwake, Muraqqabat. Nimevaa nguo yangu ya Sikukuu, ile ile ya kwenye picha, na ndoo mkononi imefunikwa kitambaa cheupe. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Mlango ukafunguka, Sulemana ndani ya joho jeupe lililonyooshwa mpaka linang'aa.

"Adi! Umekuja mwenyewe?"

"Ulisema nilete. Nimeleta."

"Nipe, nipe hapa, uende." Akaishika ndoo. Sikuiachia.

"Nani huyo mlangoni?" sauti ya mama ikauliza kutoka ndani.

"Mtu wa mizigo tu, mama!"

"Mtu wa mizigo hana jina? Muingize, mgeni hasimamishwi mlangoni."

Nikaingia. Wazee watatu wa jumuiya yetu walikuwa wamekaa kwenye zulia, kapu la goro limefunikwa majani katikati yao. Hajia Barikisu, mama yake Nafi, amejaa dhahabu kwenye kochi. Nafi pembeni, kajifunika shela, macho chini. Na kwenye kiti, karibu na mlango wa jiko, mwanamke mwembamba mwenye hina iliyofifia vidoleni. Sikuhitaji kuambiwa. Nikapiga magoti.

"Hajia, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mwanangu. Watu wako wazima? Kazi yako je?"

"Wazima, Hajia. Kazi salama."

"Tabia njema hii. Sule, huyu ni nani?"

"Huyu... anamsaidia Nafi. Kubeba, kuosha vyombo. Mfanyakazi."

Maneno yote niliyoyapanga yakanipotea. Nimepiga magoti mbele ya mama wa watu, wazee wananitazama, na mimi ni mtoto wa Zongo. Nikabaki hapo sakafuni, nikijichukia kwa adabu yangu.

"Haya, Nafi," Hajia akasema. "Goro zinasubiri. Nipikie, binti yangu, nione mkono huo ulioniponya."

Nafi akainuka. Akapita karibu yangu bila kuniangalia, Sulemana akamkabidhi ndoo. Hajia akageuza kiti chake, jiko lote likawa mbele yake. Nafi akafunua kitambaa. Uwele ulikuwa umetuama vizuri, unga mzito umekaa chini, maji ya juu safi, yana rangi ya asali na harufu ya karafuu. Nafi akayaangalia maji yale. Akaiinua ndoo kwenye sinki, akaanza kuyamwaga.

"Usimwage!"

Nilikuwa nimeshasimama. Sikuamua, lilinitoka tu. Siku tatu za kazi yangu zilikuwa zinaingia kwenye shimo la sinki.

Nafi akaganda, ndoo imeinama.

"Binti," Hajia akasema taratibu. "Unafanya nini?"

"Naondoa... naondoa maji machafu, Hajia."

Mzee mmoja akakohoa. Mwingine akatazama dari. Kwetu hata mwanaume ambaye hajawahi kuingia jikoni anajua: maji ya juu ndiyo yanayochemshwa. Ndiyo yenye uchachu na viungo. Yakishachemka unayamimina juu ya ule unga mzito na koko inazaliwa hapo hapo. Ukiyamwaga umebaki na gundi.

"Maji machafu," Hajia akarudia. "Siku kumi na tisa nimekunywa koko. Binti, wewe siku hizo zote ulikuwa unachemsha nini?"

"Mama, leo ana wasiwasi tu," Sulemana akadakia. "Watu wengi..."

"Sikukuuliza wewe. Nafi, nakuuliza wewe."

"Sema ulizoea njia nyingine!" mama yake akamfokea kutoka kwenye kochi. "Sema, tumalize!"

Nafi akaiweka ndoo chini. Akavua shela.

"Sijawahi kupika, Hajia. Hata siku moja. Aliyekupikia umeambiwa ni mfanyakazi. Huyo hapo. Anaitwa Adiza, na viatu vya mwanao viko chumbani kwake."

Sulemana akarudi nyuma mpaka ukutani. Hajia akaniangalia, akaiangalia ndoo, akaniangalia tena.

"Maji yamebaki?"

"Yamebaki kama nusu, Hajia."

"Yanatosha?"

"Yanatosha bakuli moja."

"Nipikie."

Nikaingia jikoni. Nikayainjika yale maji, nikasubiri mpaka yachemke kabisa, si kupata moto tu, kuchemka. Ule unga mzito nikauweka kwenye bakuli. Nikamimina kwa mkupuo mmoja, kutoka juu, nikazungusha upawa haraka, koko ikashika rangi na kung'aa. Wazee wakanyoosha shingo. Nikapiga magoti nikampa kwa mikono miwili.

Akanywa. Akafumba macho, akanywa tena.

"Ndiyo hii," akasema. Halafu akamgeukia mwanawe. "Njoo hapa. Karibu zaidi. Umri wangu huu, nimetoka kwenye nyumba ya Mungu, nimepiga dua siku kumi na tisa kwa jina la mtu ambaye siye. Umenifanya nimuibie mtoto wa watu dua zake. Mimi! Halafu unamleta hapa mbele yangu apige magoti, unamuita mfanyakazi?"

"Mama, nisamehe, nilikuwa natafuta maisha..."

"Nyamaza!"

Hajia Barikisu akakusanya mkoba wake. "Nafi, twende. Uchumba mzima unavunjika kwa ajili ya uji! Kichekesho."

"Si kwa ajili ya uji, dada yangu," Hajia akamjibu. "Mdomo ulionidanganya mimi juu ya bakuli, utamdanganya mwanao juu ya kila kitu. Nenda naye salama, ushukuru Mungu."

Nafi alipofika kwangu akasimama. "Jana uliniuliza swali nikashindwa kulijibu," akasema. "Jibu ndilo hilo." Akatoka mbele ya mama yake.

Wazee nao wakaanza kukusanya kanzu zao wasimame. Hajia akawainulia mkono.

"Kaeni. Goro zipo, wazee mpo." Akanishika kidevu, akaniinua uso. "Adiza, mwanangu. Nimeshakujua mkono, na sasa nimekujua uso. Nataka uwe wangu. Sule atakuoa leo, mbele ya hawa, na akithubutu kupepesa jicho nitamlaani. Wazee, sukumeni kapu."

Kapu likaja mpaka magotini kwangu. Kwetu hapo huongei. Ukiinamisha kichwa ukanyamaza, umekubali, wazee wanagawana na wewe ni mchumba wa mtu. Sulemana alipiga magoti upande wa pili, na niamini, yule mtu alikuwa anatabasamu. Machozi hayajakauka, keshatabasamu.

"Umeona, Adi?" akaninong'oneza. "Mungu kapanga. Umekuwa wa kwanza."

Miaka mitatu nililisubiri kapu lile. Niliwahi kuliota. Nikaziangalia goro, nyekundu na nyeupe, mbichi kabisa, zilizonunuliwa kwa ajili ya mtu mwingine.

Nikalirudisha kwa mikono miwili mpaka kwa wazee.

"Hajia, nisamehe sana. Ningependa uwe mama yangu, Mungu anajua. Lakini kukupata wewe inabidi nimchukue na huyu, na huyu simtaki. Jana alinipa nafasi ya pili ili nimpikie mke wake. Leo ananipa ya kwanza kwa sababu wa kwanza kaondoka. Mimi si bakuli la akiba."

"Adi!"

"Usiniite Adi. Jina langu unalijua, lilikushinda kulitaja mbele ya mama yako."

Hajia akaliweka bakuli chini. Mzee mmoja akaanza kusema mambo ya subira, Hajia akamzuia.

"Muache. Angekuwa binti niliyemzaa, mimi mwenyewe ningemkataza." Akaniangalia. "Lakini koko yangu?"

"Koko yako iko pale pale, Hajia. Nitakuletea kila asubuhi mpaka upande ndege. Mwenyewe, kwa mlango wa mbele."

Nikafanya hivyo, asubuhi tano. Nilikuwa nakaa naye mpaka amalize, ananisimulia habari za Zongo, mimi namsuka. Asubuhi ya safari alifungua mkoba wake akatoa goro moja nyekundu, akaivunja vipande viwili, kimoja akanipa.

"Hii si ya uchumba," akasema. "Tafuna. Dua zile zote nimeziomba upya, moja moja, kwa jina lako."

Nikatafuna, chungu kweli kweli, nikalia mpaka nikacheka.

Sulemana alifukuzwa ofisi ya kago wiki ile ile. Wiki mbili baadaye nikiwa saluni, simu ikalia meseji.

"Adiza, naumwa tumbo siku ya tatu. Hakuna kinachokaa. Najua nilikosea. Kikombe kimoja tu cha koko, kwa ajili ya zamani."

Nikamuonyesha Akosua, aliyekuja kusukwa. Akasonya mpaka kioo kikatikisika.

"Utamjibu?"

"Namjibu, adabu yangu bado ninayo."

Nikamuandikia: "Uwele unauzwa kwa Mhindi, nyuma ya soko. Loweka."